Paa Lililokuwa Pambo

Sepuka,
Wilaya ya Ikungi,
Singida.

12 Februari 2025

Mpendwa Dada Anastazia,

Tumsifu Yesu Kristo, na baada ya hapo pokea shikamoo yangu, maana kabla hujawa sista ulikuwa dada yangu na ulinibeba mgongoni. Kifua kinaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema baridi ya huko milimani imekukamata, hata Mama Mkuu akakuruhusu kuvaa sweta ndani ya kanzu. Natumaini umepona na unalala vizuri. Sisi huku tunapumua. Mvua haikutunyima, alizeti zimesimama vizuri, kuku wangu wamekufa karibu wote kwa mdondo, lakini kuku ni kuku, nitafuga wengine.

Wa kuulizia afya ni Baba. Dada, kama unasoma haya umesimama, tafuta benchi ukae. Baba yu hai. Nalisema hilo kwanza ili usikimbilie mwisho wa barua kulitafuta. Yu hai lakini amelala kitandani tangu baada ya Krismasi, nyonga imevunjika, na sidhani kama atainuka tena. Utaniuliza kwa nini sikukuandikia mapema. Nilianza, nikachana, nikaanza tena. Simu ninyi hamruhusiwi, na habari ya namna hii sikutaka padre aje akusomee kupitia kile kidirisha chenu chenye nondo.

Sasa nataka nikueleze ilivyokuwa, mimi niliyekuwepo. Midomo ya watu wa huku unaijua. Wapo wanaosema mzee alilewa sikukuu, wapo wanaosema amerudia utoto. Usiwasikilize.

Calist, mtoto wa marehemu kaka yetu Festo, yule uliyemwacha ananyonya, siku hizi anafanya kazi Dodoma. Ni kijana mwenye moyo mzuri na nakuomba usimhesabie kosa, maana analia mpaka leo. Mwezi wa kumi na moja alikuja kututembelea, akatuonyesha kwenye simu yake tangazo la kiwanja cha starehe kilichofunguliwa nje ya mji wa Singida, kinaitwa Kijiji cha Ndoto. Kina bwawa la kuogelea, mabembea, vigari vya umeme vya watoto, na nyumba za kulala wageni, kila moja imejengwa kwa mfano wake. Kuna nyumba mfano wa meli, kuna nyumba mfano wa pango, kuna nyingine eti mfano wa nyumba za barafu za huko Ncha ya Kaskazini. Na moja wakaiita Tembe la Mababu.

Kwenye picha, Dada, hata mimi nilidanganyika. Ukuta mwekundu, paa bapa la udongo, nguzo zenye panda mbele ya mlango. Baba aliishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitoto kichanga. Akakaa nayo mpaka mwanga ukazimika, akamrudishia Calist na kumwambia aiwashe tena. Kisha akauliza swali moja tu, nani aliyelijenga. Calist akasema hajui, ni mwekezaji. Akaahidi hapo hapo kwamba baada ya Krismasi atatuchukua sote tukalale humo, ili babu yake, yaani Baba, alale tena chini ya tembe kabla hajafa. Ndivyo alivyosema, bila kufikiri, na sote tukacheka.

Unajua Baba na habari ya tembe. Wewe ndiye mtoto wa mwisho kuzaliwa ndani ya tembe la Babu, sisi wengine tumezaliwa chini ya bati. Yeye mwenyewe hajawahi kutusimulia lilivyovunjwa. Ni Mama aliyenisimulia, tukiwa shambani, tena kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu. Mwaka ule wa Operesheni, mgambo walipokuja kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya vya barabarani, Babu alikaa mlangoni akagoma. Basi wakamchukua Baba, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, wakampandisha juu ya paa la baba yake na kumpa jembe. Akalibomoa mwenyewe huku Babu akimtazama. Babu hakumaliza mwaka huko kijijini, na mpaka anakufa hawakuwahi kulizungumza.

Kwa hiyo uelewe mtu aliyeoneshwa ile picha ni mtu gani. Siku ya safari alinyolewa ndevu asubuhi, akamtuma binti yangu Ritha aifue kofia yake iliyokuwa safi tayari. Akabeba na kigoda chake. Nikamwambia, Baba, hotelini kuna viti. Akanijibu kwamba kiti cha mtu mwingine hakimjui mgongo wake.

Tulipofika, loo! Dada, nilitamani nimfunike macho. Getini kuna simba wa saruji mwenye uso wa mbwa aliyefukuzwa jikoni. Bwawa lilikuwa na maji ya kijani. Ile nyumba ya barafu imefanya kutu kwenye mlango na rangi nyeupe inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Watoto wa mgeni mmoja walikuwa wamekaa mbele yake wanalia joto, maana ndani hamna hata dirisha.

Na tembe lenyewe! Kuta ni matofali ya saruji yaliyopigwa plasta na kukwaruzwa kwa mwiko ili yafanane na udongo, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Nguzo ni zege, panda zake zimefinyangwa, na mafundo ya mti yamechorwa kwa brashi. Mlango ni wa kioo, wa kusukuma pembeni, mpana kiasi cha kupitisha gari. Ndani wameweka mafiga matatu na kuni za plastiki, chini yake taa nyekundu inayowaka mchana na usiku ili uone kama moto. Ukutani wamegundisha kibuyu, nacho cha plastiki. Kona moja kuna sanamu ya bibi anasaga, amekaa kwa jinsi ambayo mwanamke akikaa hivyo hawezi kusaga hata konzi moja.

Baba alizunguka polepole akigusa kila kitu. Akagonga ukuta kwa kidole. Akamuuliza yule dada aliyetupokea, ng'ombe wanaingilia wapi? Yule binti akacheka, akamfungulia mlango wa bafu. Baba akatazama sinki, akatazama choo, akafunga mlango taratibu. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alikaa juu ya kigoda chake katikati ya nyumba, akainua uso na kutazama juu, akasema vizuri tu, paa lipo. Nikajua ameamua kuyasamehe mengine yote kwa ajili ya paa.

Usiku ule mvua ikanyesha, ile mvua yetu ya Desemba isiyobisha hodi, na paa likavuja. Likavuja juu ya kitanda cha Baba. Calist akapiga simu mapokezi, wakamwambia fundi atakuja asubuhi. Asubuhi ikafika, jua likatoka, fundi hakuonekana. Sisi tulikuwa tunaanika mashuka nje na kunung'unika. Baba yeye alikuwa amechangamka. Akasema fundi wa nini? Tembe likivuja unapanda unatia udongo, unashindilia kwa miguu, kazi imekwisha.

Sasa hapo ndipo watu wanapomwita mwehu. Dada, wewe umelelewa na watu wale. Ni mwanamume gani wa rika la Baba angelala kwenye tembe linalovuja, halafu asubuhi akae anasubiri fundi? Hata ukiwa mgeni, unapanda. Ilikuwa aibu kutopanda. Akachota udongo kwenye bustani yao ya maua kwa ndoo ya kuogea, akazunguka nyuma ambako paa liko chini, akakanyaga ukingo wa ukuta na kupanda, kizee yule, kama kijana. Calist alikuwa ameenda mapokezi kuwafokea. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi.

Nilimwona, na sikumzuia, kwa sababu sijamwona Baba na uso ule tangu Mama alipofariki. Alikuwa anamwaga udongo na kuukanyaga, kisigino, kidole, kisigino, kidole, anaimba chinichini kitu nisichokijua. Akaniona. Akaniita, Luciana, niletee majivu! Majivu ya kuchanganya na udongo, ili maji yasipenye. Nikaenda jikoni mbio. Mpishi akanishangaa. Wanapikia gesi. Nikamwambia jamani, mahali pote hapa hapana hata majivu kidogo? Tukawa tunabishana, na hapo nikasikia mlio kama wa mtu anayevunja sanduku.

Halikuwa paa. Zilikuwa mbao nyembamba, juu yake wavu wa kuku, juu ya wavu saruji iliyotiwa rangi, unene wake kama mkate wa chapati. Chini yake turubai, na chini ya turubai dari ya jipsam. Baba alipita katikati yake pamoja na ndoo. Nilimkuta sakafuni karibu na yale mafiga, amefunikwa na vumbi jeupe, na ile taa nyekundu bado inawaka pembeni ya kichwa chake. Nilipiga magoti. Akanitazama kama hanijui, akasema kwa Kinyaturu, "Nimeliangusha tena."

Dada, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Hospitali walifanya waliloweza, sina lawama nao. Walisema moyo wake hautastahimili kisu, tukae naye, tumgeuze, tumpe dawa ya maumivu. Basi tuko naye nyumbani. Meneja wa kile kiwanja alikuja mara moja. Alileta boksi la juisi na kofia yenye nembo ya Kijiji cha Ndoto, akasema wanasikitika, lakini mzee inaonekana alikuwa na changamoto ya kumbukumbu. Wewe unaujua mdomo wangu. Nikamuuliza kama mvua iliyoingia kitandani nayo ilikuwa na changamoto ya kumbukumbu. Akasema, "Mama, pale juu ni pambo tu. Halikujengwa likanyagwe." Nikamuuliza bati liko wapi, akasema bati lingeharibu mwonekano. Nikamrudishia kofia yake. Juisi tuliinywa, sitakuficha, watoto walikuwa na kiu.

Nasikia wameshaziba pale kwa saruji nyingine na wameweka kibao kinachokataza kupanda. Tangazo bado liko kwenye simu za watu, na ile picha ni ile ile.

Lakini hao waache. Shida ninayokuletea ni hii. Baba haongei tena Kiswahili, na siku zake amezichanganya. Kuna wakati ananijua, ananiulizia kuku. Halafu ghafla anarudi kule kwao, anazungumza na Babu. Anamwomba radhi. Anasema baba nisamehe, nimelipasua tena, nitabeba udongo, nitalitengeneza kabla ya mvua. Anataka kushuka kitandani akatafute jembe, na mfupa unamchoma, anapiga kelele. Jamani, kusikia mzazi anapiga kelele vile! Ritha anatoka nje anaziba masikio. Mimi siwezi kutoka, ndiye niliyemshika.

Nimemweleza kwa kila namna. Nimemwambia Baba, lile halikuwa tembe, lilikuwa pambo, hata panya asingekaa juu yake. Anasema nyumba haiwezi kuwa na pambo mahali pa paa, watu wangelala wapi? Padre amekuja, amemwungamisha, amempaka mafuta, Baba ametulia saa chache, kisha amerudia yale yale. Shangazi Asnath naye amejaribu. Juzi nilikasirika, nikampandishia sauti, Mungu anisamehe. Akanitazama kwa macho makavu kabisa akaniambia, "Wewe umezaliwa chini ya bati, unajua nini? Muulize Anastazia."

Kwa hiyo nakuuliza. Wewe ndiye uliyezaliwa mle. Wewe hujawahi kumdanganya Baba, hata uliposema unakwenda utawani ulimwambia usoni, wakati sisi wote tulikuwa tumejificha nyuma ya ghala. Najua hamtoki, sikuombi utoke. Mwandikie tu. Andika kwa mkono wako, kwa Kinyaturu, maneno machache yanatosha. Mwambie lile alilolivunja halikuwa tembe. Mwambie hajaangusha kitu. Nitamsomea mimi, na karatasi nitamwekea mkononi. Mwombe Mama Mkuu asiicheleweshe, hata kama ni Kwaresima inakaribia na mna taratibu zenu. Naogopa sana, Dada, kwamba atakufa akiwa bado juu ya lile paa.

Calist anakusalimu na anaomba umwombee, maana halali. Ritha anakuamkia, amekua mrefu kunipita. Shangazi Asnath anasema bado anaitunza rozari uliyomtumia na kwamba miguu ndiyo inayomsumbua. Wasalimie masista wenzako wote na Mama Mkuu. Mungu aliyekuita huko akulinde kifua na roho, na atukutanishe hata kama ni ng'ambo ya kile kidirisha.

Wako akupendaye,
mdogo wako Luciana


Jumamosi, 15 Februari

Dada, bahasha nilikuwa nimeshaibandika. Kijana wa basi anayetupelekea barua mjini hakupita Alhamisi, ndiyo maana nimeifungua tena na unaona karatasi imekunjwa vibaya.

Alhamisi hiyo mchana Baba alizidiwa. Pumzi ilikuwa inakwenda na kusimama. Akafumbua macho akaniuliza, akili zake zote zipo, kama Anastazia amejibu. Nikamwambia amejibu. Nilitamka kabla sijafikiri. Nikachukua barua hii hii unayoisoma, nikaikunjua mbele yake, nikaketi kwenye kigoda chake na kusoma mambo ambayo hayamo.

Nilisoma kwa Kinyaturu, kwa sauti yako ya zamani, ile ya kutuamrisha. Nikasoma, Baba shikamoo, ni mimi Anastazia. Nimesikia habari ya kule mjini. Lile halikuwa tembe, Baba, lilikuwa pambo, hujaangusha kitu. Nilidhani nitaishia hapo. Lakini alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja, na nikaona kwamba hayo hayamtoshi. Basi nikaendelea. Nikasoma, na lile la kwanza pia, Baba, hukulibomoa wewe. Waliokushikisha jembe ndio waliolibomoa. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama siku ile, nilikuwepo, na Babu hakuwa anakutazama wewe, alikuwa anawatazama wao.

Akauliza, "Ameandika hivyo?"

Nikasema ameandika.

"Kwa mkono wake?"

Nikasema kwa mkono wake. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi. Kisha akasema, "Kweli, alikuwepo. Alikuwa analia." Akaomba uji, akanywa vijiko kadhaa. Hakumwita Babu tena, wala hakuulizia jembe. Ijumaa asubuhi, Ritha akiwa anafagia uwanja, Baba yetu Andrea Alute alifariki, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyemaliza kazi. Tumemzika leo, jirani na Mama. Padre alisali vizuri na watu walikuwa wengi.

Karatasi niliyomsomea hakutaka kuiachia, aliishika kifuani mpaka asubuhi. Ndiyo hii. Lile doa la uji ni lake.

Sasa nimekusemea maneno ambayo hukuyasema, wewe mtu wa nadhiri, tena nimemdanganya mtu aliyekuwa anakufa. Nimewaza kuungama kwa padre wetu na bado sijaenda, maana sioni kama ninajuta. Ninachokuomba ni kile kile nilichokuomba Jumatano. Iandike ile barua. Yaandike yote niliyomsomea, na lile la mgongoni kwa Mama usiliache, kwa mkono wako, kama unaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ikifika nitakwenda nayo kaburini nimsomee kwa sauti, ili safari hii iwe kweli umeandika wewe.

Luciana